Kupima utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza: maswali yenu

Mwanafunzi wangu wa biolojia amehangaika maabara muhula mzima, matokeo hayakupatikana. Nimpe ngapi?

Fungua daftari lake la maabara siku ile jaribio lilipogoma. Je, aliandika "imeshindikana" kisha akarudia vilevile? Au aliona hata sampuli ya kulinganishia, isiyopaswa kubadilika, imebadilika rangi, akashuku maji, na kesho yake akabadilisha maji tu, mengine akayaacha kama yalivyo? Huyu wa pili amejifunza utafiti, na alama zake ziko kwenye ukurasa huo.

Tangu 2008, katika programu ya SEA-PHAGES ya Marekani, wanafunzi wa mwaka wa kwanza huchota udongo na kutafuta virusi vinavyoshambulia bakteria. Kuna anayepata kwenye sampuli ya kwanza, na kuna anayerudi kuchota tena na tena. Ukitoa alama kwa kirusi kilichopatikana, umepima bahati.

Kwenye dodoso la mwisho wa kozi wote wamejaza "nimejifunza sana". Inatosha?

Haitoshi. Dodoso linakwambia wanajiamini kiasi gani, jambo ambalo nalo lina maana yake, lakini kujiamini si kuweza. Wape swali moja wiki ya kwanza, kisha swali lilelile wiki ya mwisho: "Muuzaji anadai mbolea yake huongeza mavuno ya mahindi. Utajuaje kama ni kweli?" Angalia nani sasa anataja shamba lisilotiwa mbolea, mbegu za aina moja, na vipande kadhaa vya shamba badala ya kimoja. Ukikosa tofauti kati ya majibu ya mwanzo na ya mwisho, kozi ndiyo ya kurekebishwa.

Kikundi cha watu wanne, anayefanya kazi ni mmoja. Nitawatenganishaje?

Mwite kila mmoja peke yake, weka mbele yake grafu yao, muulize kwa nini waliondoa vipimo fulani. Dakika kumi zinatosha. Njia hii pia humfichua aliyeandikiwa ripoti na mtu, au na akili mnemba.

Mimi ni mwanafunzi. Msimamizi hurudisha rasimu na neno moja, "Rekebisha". Nifanyeje?

Nenda ofisini kwake na rasimu mkononi, umwombe kwa heshima mwongozo wa kutoa alama: "Mwalimu, naomba unioneshe kipengele kipi hapa bado hakijafikiwa." Ni haki yako kuujua mwongozo huo mapema, kabla hujakusanya hata data. Wahadhiri mnaosoma hapa, tafadhali utoeni wiki ya kwanza.