Misheni gani hiyo iliyotua mwezini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandaa makala ya ubao wa matangazo shuleni kuhusu zile safari za Apollo za Wamarekani, na mwenzangu ninayefundisha naye ananisahihisha kila mstari. Mimi nimeandika "misheni ya mwezi", yeye anasema lazima iwe "misheni ya mwezini". Nani yuko sahihi? Na wale waliokwenda ni "wanaanga" au "wana anga"? (Mwalimu wa sekondari, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako yuko sahihi, wewe umekosea, na nyote wawili mmenichefua kwa neno ambalo hata hamkuliulizia. Nitalifikia, msiwe na haraka.

Tuanze na lako. "Ya mwezi" kwa Kiswahili ni habari ya muda, mshahara wa mwezi, kodi ya mwezi, dozi ya mwezi. Ukiniambia "safari ya mwezi" mimi naona mtu kafunga begi la nguo za siku thelathini, na kumbe Apollo 11 iliruka kutoka Florida tarehe 16 Julai 1969 na ilipofika tarehe 24 jamaa walishatua kwenye maji ya Pasifiki wanasubiri kuokotwa, siku nane tu, hata posho ya wiki mbili hawakuifikisha. Kwa hiyo weka -ni yako mwishoni, mwezini, kama mjini na shambani, kazi imekwisha. Na kama unajiuliza kwa nini neno moja linabeba kile kinachong'aa juu na zile siku za kwenye kalenda, ni kwa sababu kile cha juu ndicho kilikuwa kalenda yenyewe, Waganda nao wana omwezi, Wakikuyu wana mweri, ni neno la Kibantu la kale na hapo asili ya neno inatosha.

Ila nakujua kwa nini ulikwepa "mwezini". Mwanamke akiwa "mwezini" ni habari nyingine, na ukiandika ubaoni kwamba wanaume 12 wamewahi kuwa mwezini, kidato cha pili hutafundisha tena siku hiyo. Sawa, andika "kwenye mwezi", hakuna atakayekukamata. Mimi lakini ningewaacha wacheke dakika mbili, wakimaliza watakuwa wamelishika neno maisha yao yote.

Wanaanga ni neno moja, kama wanajeshi, kama wanasheria. Na chunga usimeze silabi, maana ukiimeza unabaki na "wanga", na hao ni watu wengine kabisa, wanasafiri usiku bila roketi wala bajeti ya serikali. Nimewahi kusoma kwa macho yangu "wanga watatu warejea salama duniani". Nikasema alhamdulillahi, lakini nikafunga mlango.

Haya, sasa hiyo "misheni".

Hivi nyie mmeitoa wapi? Najua mmeitoa wapi, mmeitoa kwenye Kiingereza jana mchana, mkaivalisha kanzu mkatuletea kama mgeni wa heshima, wakati misheni tunayo hapa zaidi ya miaka mia. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alifika Rabai karibu na Mombasa mwaka 1846, mapadri wakafika Bagamoyo mwaka 1868, na tangu hapo Mswahili anajua misheni ni nini, ni mahali, kuna kanisa, kuna shule, kuna zahanati, kuna miembe mirefu na kengele inayokuamsha upende usipende. Asili yake Kilatini, ni kutuma, lakini sisi hatukukopa Kilatini, tulikopa ile miembe na ile kengele. Mtoto amezaliwa hospitali ya misheni. Kasoma misheni. Kaoa binti wa pale misheni. Hayo ndiyo maneno ya watu.

Nikupe mfano mmoja, na wanaonisoma siku zote watanisamehe maana wameshausikia. Mwaka 2019, dunia inaadhimisha miaka 50 ya ile safari, nilikuwa nyumbani kwa shangazi yangu, mama mtu mzima, redio iko dirishani anachambua mchele. Mtangazaji akasema kwa ile sauti yao ya kubana pua, "misheni ya Apollo 11 ilitua mwezini." Shangazi akasimamisha ungo. Akaniuliza taratibu kabisa, "Ya Kikatoliki au ya Kilutheri?"

Mcheke, lakini nionyesheni kosa lake liko wapi. Kwa Kiswahili anachokijua yeye, na ndicho Kiswahili chenyewe, swali lake lilikuwa sahihi kuliko sentensi ya mtangazaji. Redio imemwambia kuna misheni imefika mahali papya, misheni zote anazozifahamu zina dhehebu, anataka kujua ni dhehebu gani lililowahi. Akaendelea, "Na wameshajenga?" Nikamwambia hapana shangazi, walikaa chini ya siku moja, kutembea nje walitembea kama saa mbili na nusu, wakaokota mawe wakaondoka. Akatikisa kichwa. "Misheni gani hiyo ya kuokota mawe."

Na hapo ndipo penyewe! Misheni kwetu ni kukaa. Unapanda mwembe leo, anakula mjukuu wa mtu. Hawa wa Apollo hawakupanda kitu, mara ya kwanza walirudi na kilo 21 na ushee za mawe na udongo, na safari zote sita zilizotua, kuanzia hiyo ya 1969 mpaka Apollo 17 Desemba 1972, zilileta jumla ya kilo 382, wakafunga duka. Eugene Cernan akapanda ngazi wa mwisho, na katika wote 12 mwanajiolojia wa kusomea alikuwa mmoja tu, Harrison Schmitt, yaani mtaalamu wa mawe mwenyewe kaitwa kwenye treni ya mwisho. Huko siyo kukaa. Huko ni kwenda na kurudi.

Na kwenda na kurudi Kiswahili kinakuitaje? SAFARI. Hata Kennedy, rais wa Marekani wakati huo, alipolihutubia Bunge lao tarehe 25 Mei 1961 na kuwaambia lengo, alisema kumtua mtu mwezini na kumrudisha salama duniani kabla ya muongo ule kuisha. Umesikia, kumtua na kumrudisha. Muulize mtoto wa darasa la tatu, kitu unachokwenda na kurudi kinaitwaje, hatakwambia misheni.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba safari ni neno ambalo wao ndio walilichukua kwetu. Sisi tulilitoa kwa Waarabu, tukalilea, Waingereza wakaja wakalipenda wakaondoka nalo, leo lipo kwenye kamusi zao na kwenye kofia zao za kutazamia simba. Wao wanatamba na safari yetu, sisi tunahangaika na misheni yao. Halafu nenda kawaulize Wamarekani hao hao wenye Apollo, walipotaka jina la setilaiti yao iliyorushwa kutoka ule mtambo wa Waitaliano wa San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970 ambayo ni sikukuu ya Wakenya, waliiita nini? Waliiita Uhuru. Setilaiti ya kwanza kupelekwa juu mahsusi kwa kupekua mbingu kwa eksrei ina jina la Kiswahili, na wewe hapo Morogoro unaona haya kuandika "safari" ubaoni.

Mtaniambia Kiswahili hakina uzito wa mambo ya anga. Nani kasema? Chukueni ile sentensi ya Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, aliyoisema akitia mguu chini, ile ya hatua ndogo na mruko mkubwa. Kwa Kiingereza chake kuna kaneno kadogo ka herufi moja, "a", ambako yeye alisisitiza alikusudia kukatamka, ila kwenye redio hakasikiki, na bila hako kaneno sentensi inasema ni hatua ndogo kwa binadamu wote na mruko mkubwa kwa binadamu wote, yaani inajipinga yenyewe, na watu wamebishana miaka hamsini na wamepima sauti kwa mashine. Sasa iseme kwa Kiswahili: ni hatua ndogo kwa mtu, ni mruko mkubwa kwa wanadamu. Mtu ni mmoja, wanadamu ni wengi, ngeli imeshafanya kazi, hakuna cha kumeza wala cha kupima kwa mashine. Angesemea Kiswahili asingesumbuliwa mpaka kaburini.

(Na kwa vile tumefika hapo, acheni kutafsiri saa za watu. Naona mnaandika alikanyaga "tarehe 20 Julai saa nne usiku". Hiyo ni saa ya Florida. Kwa saa za Afrika Mashariki chombo kilitua saa tano na dakika 17 usiku wa tarehe 20, na Armstrong akatia mguu tarehe 21 alfajiri, saa kumi na mbili kasoro dakika nne. Wakulima walikuwa wameshashika majembe.)

Basi. Nilidhani nimemaliza, lakini nina kijana mmoja jirani yangu, mtundu, anasoma safu hii kabla haijatoka, akanijia na hoja mbili na haki ya Mungu zimeninyima usingizi.

Ya kwanza, akasema mzee umesahau misheni ya mjini. Na kweli, neno hili mjini Dar lina kazi ya pili, mishentauni ni yule asiye na ofisi wala mtaji ila jioni anarudi na chochote, na watoto wa siku hizi wamelikata limebaki "mishe", niko kwenye mishe zangu. Nikamwambia ndiyo maana sitaki, neno lina kanisa upande mmoja na ujanja wa Kariakoo upande wa pili, tukilitundikia na roketi litavunjika mgongo. Akanijibu, na Apollo 13 je?

Nikanyamaza. Maana Aprili 1970, Lovell, Swigert na Haise wako karibu kufika, tangi la oksijeni likalipuka, safari ya kutua ikafa palepale, wakahamia kwenye kile chombo kidogo kilichokusudiwa kutulia mwezini wakakifanya mtumbwi wa kuokolea. Hewa wanayoitoa ikaanza kuwa sumu. Vichujio vya kusafishia hewa vipo vingi, lakini vya chombo kikubwa ni vya mraba na matundu ya chombo kidogo ni ya mviringo. Mafundi wa huku chini Houston, walikokuwa wakiiongoza safari, wakatafuta kila kitu ambacho jamaa wanacho huko juu, mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu vya maelekezo, bomba la suti, gundi ya utepe, wakawasomea kwa redio namna ya kuviunganisha, wakafunga, ikafanya kazi, tarehe 17 wakarudi wazima. Jamani. Mraba kuingia kwenye mviringo kwa jalada la kitabu na utepe! Hiyo siyo safari tena, hiyo ni mishe. Yule kijana kashinda hapo, hata fundi wa gereji ya chini ya mwembe anasimama anapiga saluti.

Hoja yake ya pili ndiyo iliyoniudhi zaidi kwa sababu iligusa mfano wangu nilioutunza. Akasema, mzee, unajua Apollo 8, ile ya Desemba 1968, watu wa kwanza kuuzunguka mwezi, mkesha wa Krismasi walisoma kitabu cha Mwanzo kutoka huko huko dunia nzima ikisikiliza? Najua, nikasema. Unajua David Scott wa Apollo 15 aliacha Biblia juu ya lile gari lao, na bado ipo? Najua bwana. Na unajua Aldrin, mwenzake Armstrong kwenye Apollo 11, kabla hawajatoka nje ya chombo, alichukua mkate na divai alivyobeba mwenyewe akashiriki meza ya Bwana palepale mwezini?

Nilikuwa najua. Nilikuwa najitahidi nisikumbuke.

Kwa hiyo hukumu ni hii, na naitoa huku nimechoka. Wewe mwalimu andika "safari za Apollo za mwezini", "wanaanga" neno moja, na hiyo "misheni" iondoe ubaoni. Mwenzako aking'ang'ania, mwachie Apollo 13, aiite mishe, simlaumu. Na lile swali la shangazi yangu nililolicheka mwaka 2019 lina jibu, maana Aldrin alikuwa mzee wa kanisa. Haikuwa ya Kikatoliki wala ya Kilutheri, shangazi. Ni Wapresbiteri waliowahi.