Ukikuta ombi la hataza linalogusa mwani au karafuu zetu

Haya ni kwa nyinyi mnaoanza kupekua maombi ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, hapa Unguja na Pemba.

Kila mgeni wa kazi hii huanza kwa hasira. Anakuta ombi la mtu wa mbali linalotaja mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu), anasema, "Haya si ndiyo wanayoyafanya bibi zetu siku zote?" Hasira hiyo ni ya haki, lakini haimsaidii mkaguzi wa ofisi ya hataza anayeamua ombi. Yeye ana saa chache kwa kila ombi, na anachohitaji ni ushahidi wenye tarehe kwamba jambo hilo lilijulikana kabla.

Basi anzeni na madai, ile orodha yenye nambari. Humo ndimo mwombaji anamoweka mpaka wa kile anachotaka kukimiliki. Muhtasari haumpi haki yoyote. Tuseme dai la kwanza ni sabuni yenye unga wa mwani, mafuta ya nazi na mafuta ya karafuu, iliyochanganywa chini ya nyuzi 40. Livunjeni vipande vinne, kila kimoja na mstari wake, kisha mtafute machapisho. Kuonesha kwamba dai si jipya, chapisho moja lazima liwe na vipande vyote vinne. Likikosa kile cha joto bado lina kazi, maana linaweza kuunganishwa na jengine kuonesha kwamba fundi wa kawaida angefika hapo bila ya kuvumbua kitu. Semeni wazi hoja yenu ni ipi kati ya hizo mbili. Na chapisho litangulie tarehe ya kipaumbele ya ombi, yaani siku uvumbuzi huo ulipoombewa hataza mara ya kwanza. Siku ya kutangazwa huja kama miezi 18 baadaye, na wengi hutegwa hapo.

Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza ya kutumia manjano, ile bizari, kuponya vidonda. India nzima ilikuwa ikiyatumia hivyo, lakini yaliyoiangusha 1997 ni maandishi: matini ya Kisanskriti na makala ya jarida la madaktari ya 1953. Kesi ya mwarobaini inanipa moyo zaidi. Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliifuta hataza ya mafuta yake dhidi ya kuvu mwaka 2000, baada ya meneja wa kiwanda wa India kueleza kwamba yeye alikuwa akifanya hivyo kabla. Rufaa ilikataliwa 2005. Kwa hiyo aliyetenda hadharani naye ni shahidi, mradi athibitishe nini, wapi na lini.

Kesi zote mbili zilikuja baada ya hataza kutolewa, na hapo gharama ni kubwa. Kwa maombi ya kimataifa, tangu 2012 mtu yeyote anaweza kupeleka maoni WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, bila ya ada, hata bila ya kutaja jina, kabla ya miezi 28 kutimia tangu tarehe ya kipaumbele. Maoni yaandikwe kwa lugha wanazozikubali, Kiingereza na Kiarabu zikiwemo. Unaruhusiwa mara moja tu kwa kila ombi, kwa hiyo usitume kabla hujakusanya kila kitu.

Kwa mwani, anzieni na ripoti na makala za miaka ya 1990, kwani kilimo chake cha biashara hapa kilianza 1989. Ya karafuu yana nyaraka za zamani zaidi. Nendeni Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa, mkapige picha ukurasa wenye tarehe pamoja na ule wenye maelezo.