Unapobisha Hodi kwenye Mradi Huria

Marekebisho yangu ya kwanza kwenye mradi wa programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaweza kusoma msimbo wake na kupendekeza marekebisho, yalihitaji mistari sita ya msimbo. Mimi nikatuma zaidi ya elfu moja na mia nne.

Ilikuwa programu ya kumbukumbu za wagonjwa. Dada mmoja wa masijala hapa Kampala alinionyesha tatizo lililomchosha: mgonjwa anayeitwa Nyang'oma akiandikishwa kwa simu, kesho ukimtafuta kwa kompyuta humpati. Anafunguliwa faili jipya, na habari za dawa zake zinabaki kwenye lile la zamani. Nilikaa naye mpaka nikagundua kiini. Simu yake iliandika ritifaa, ile alama ya ng', iliyopinda, kompyuta ikaandika iliyosimama wima. Kwa jicho ni jina moja, kwa mashine ni majina mawili.

Nikarekebisha, nikatuma usiku uleule. Sikujua kwamba kihariri changu, programu ninayoandikia msimbo, kilikuwa kimepanga upya nafasi za mistari katika kila faili nililofungua. Asubuhi nikakuta jibu la mhakiki, anayekagua kazi kabla haijapokelewa: "Sioni ulichobadilisha. Tenganisha." Salamu hakuna, asante hakuna. Sisi hata anayekuja kudai deni huuliza kwanza habari za nyumbani! Niliumia, nikanyamaza wiki mbili.

Yule mhakiki hakuwa na ubaya nami. Alikuwa anajitolea, akisoma kazi za watu usiku baada ya kazi yake ya mshahara, na nilikuwa nimemrundikia kurasa ambazo ndani yake jambo la maana lilikuwa mistari sita. Nilipotenganisha alijibu kwa herufi nne, LGTM, yaani ameiona iko sawa, na badiliko likaingia siku hiyohiyo. Basi ndugu yangu unayeanza, tuma badiliko moja kwa mara moja. Kabla ya kutuma, pitia kila mstari uliobadilika, na ule usioweza kueleza kwa nini umebadilika uurudishe ulivyokuwa. Miradi mingi ina faili liitwalo CONTRIBUTING. Hapo ndipo wenyeji walipoandika desturi zao, lisome kabla ya kubisha hodi.

Kuuliza nako kuna adabu yake. Saa tisa alasiri kwetu, New York bado ni asubuhi. Ukiandika "haifanyi kazi, nisaidieni", utaulizwa toleo gani, na siku imekwisha. Weka yote mara moja: ulichofanya, ulichotarajia, kilichotokea, na ujumbe wa kosa ulivyo, neno kwa neno. Tena uliza hadharani. Najua kwetu ni rahisi kumfuata mkubwa pembeni ili usionekane hujui, lakini jibu la pembeni linamfaa mtu mmoja, na atakayekwama mwakani hataliona.

Linaloniuma zaidi ni hili la kupotea. Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima, ikarudi baada ya siku tano hivi. Wakati huo nilikuwa nimeahidi kurekebisha hitilafu nyingine. Siku zile tano zilikuwa nje ya uwezo wangu. Lakini intaneti iliporudi niliona haya kueleza, haya ikazaa wiki, na nilipofungua ukurasa wa mradi mwishoni mwa Februari nikakuta mwenzetu ameianza kazi ileile upya, kutoka mwanzo. Nusu yake ilikuwa imekaa kwenye kompyuta yangu.

Git yenyewe, programu tunayotumia kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, inafaa sana mazingira kama yetu, ingawa Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005 kwa ajili ya mradi wake wa Linux. Kila mmoja ana historia nzima ya mradi kwenye mashine yake, kwa hiyo bando likiisha unaendelea kuandika na kuhifadhi hatua zako, hata ndani ya basi la Arua. Tatizo langu halikuwa intaneti. Kazi ambayo haijakamilika niliiona aibu, nikaificha.

Siku hizi kazi yangu naisukuma mtandaoni kila jioni kwenye tawi langu, yaani mkondo wangu wa pembeni wa mradi ambao wenzangu wanauona, ikiwa hivyohivyo nusu, na nikisafiri naacha maneno kama haya niliyoandika wiki iliyopita: "Naenda Arua, sitakuwepo hadi Jumatatu. Utafutaji wa majina umekaa sawa, jaribio la tatu bado linashindwa, nadhani kosa liko kwenye herufi kubwa. Atakayeweza na aendelee."