Maganda ya shaba na baruti nyeusi: kazi iko kwenye vizibo na maji

Ndugu unayeanza kujijazia maganda ya shaba ya bunduki ya marisau (vidonge vidogo vya risasi), najua swali lako la kwanza ni baruti kiasi gani. Fuata jedwali lililochapishwa kwa bunduki ya aina yako, basi. Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo, na wazee wa bunduki za geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) walizoea ujazo sawa: kijiko kilichopima baruti ndicho kilichopima marisau. Punje za FFg, yaani daraja la ukubwa wa wastani, zinafaa. Ganda zuri na baya hutofautiana mahali pengine, kwenye vizibo (vinavyokaa kati ya baruti na marisau) na kwenye maji ya kuoshea.

Nasema haya nikiwa Marekani, ambako raia anaruhusiwa kujijazia risasi na sheria ya shirikisho inamruhusu kuweka hadi pauni 50 za baruti nyeusi ya kiwandani kwa ajili ya michezo ya bunduki za kale. Tanzania na Kenya risasi na baruti ni mambo ya leseni. Aliye huko asijaribu bila kibali.

Tuanze na vizibo. Ukuta wa ganda la shaba ni mwembamba kuliko wa plastiki, hivyo nafasi ya ndani ni pana. Kizibo cha geji 12 kikitumbukia humo kinacheza, gesi inapenya pembeni, na marisau yanatoka bila nguvu. Kwa maganda ya Magtech, yanayotengenezwa Brazili, wengi wetu tunatumia vizibo vya geji 11, wengine 10. Usichanganyikiwe na namba: geji ni idadi ya tufe za madini ya risasi zinazotoshea mtutu ambazo zikipimwa pamoja zinafika pauni moja, kwa hiyo namba ikipungua tundu linapanuka. Kizibo sahihi hakiingii chenyewe, hushindiliwa kwa kijiti cha mbao.

Juu ya baruti weka kadi ngumu (duara la karatasi nene) ya unene wa inchi 1/8, kisha kizibo cha nyuzi kilichopakwa mafuta ya kulainisha masizi, halafu marisau, na mwisho kadi nyembamba. Vizibo vya plastiki achana navyo, vinayeyuka na kuacha nyuzinyuzi mtutuni. Shindilia mpaka kusiwe na hewa kati ya baruti na kadi. Hapa sitaki mjadala, kwa sababu pengo hilo ni hatari. Ganda likikamilika, litikise karibu na sikio, likichakacha, lifungue.

Mdomo wa shaba haukunjwi kama wa plastiki, kwa hiyo kadi ya juu inashikwa na gundi. Izungushe pembeni yote, kadi na ukuta vishikane, uache ikauke usiku kucha. Gundi isiposhika vizuri, kwenye bunduki ya mitutu miwili mshtuko wa mtutu wa kwanza hulegeza kadi ya ganda lililobaki, nawe ukishusha bunduki marisau yanamiminika chini.

Kuhusu usalama: mezani pawe na baruti ya aina moja tu. Baruti isiyo na moshi, ile ya kisasa yenye nguvu zaidi, ikipimwa kwa kijiko kile kile inaweza kupasua mtutu usoni pako. Fataki (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti kikigongwa) iingie kabla ya baruti, kopo lifungwe kila unapomaliza kumimina, vaa miwani, na sigara ibaki nje kabisa. Bunduki ya zamani, hasa yenye mitutu ya Damascus (iliyosokotwa kwa vipande vya chuma), ipelekwe kwanza kwa fundi.

Sasa maji. Zaidi ya nusu ya baruti nyeusi ikiungua haigeuki gesi, hubaki masizi, na masizi hayo hunyonya unyevu na kula chuma. Nenda uwanjani na dumu la maji yenye sabuni lenye mdomo mpana. Kila ganda likishapigwa, litumbukize humo. Ukiliacha mfukoni mpaka kesho kutwa utakuta ukijani umeota kwenye tundu la fataki. Nyumbani ondoa fataki zilizopigwa, sugua kwa brashi na maji ya moto, suuza, kausha kabisa. Mtutu nao uoshe siku ile ile, ukaushe, upake mafuta.

Usitumie dawa yenye amonia hata kama inang'arisha haraka, maana hudhoofisha shaba na kuleta nyufa. Ganda likiwa jeusi halina shida, risasi haijali rangi. Likague mdomoni na kitakoni kwenye mwanga wa kutosha. Lenye ufa wowote libonyeze kwa koleo lisitumike tena, kisha litupe kwenye chuma chakavu.