Unayenunua mashua ya tanga ya 1978 hapo Kilifi: usisaini hiyo bima bado

Usisaini. Umeandika kwamba mashua ni ya faiba, ya 1978, ripoti ya mkaguzi imeorodhesha mapendekezo kadhaa, na dalali wa bima amekwambia "hayo ni ushauri tu, utayafanya polepole". Kaka, mimi niliambiwa hivyohivyo, na mlingoti wangu uko chini ya maji nje ya mwamba wa Kilifi.

Chukua hati yako ya bima sasa hivi, pamoja na karatasi za nyongeza zilizobanwa nyuma, utafute sentensi inayosema bima inatolewa kwa sharti kwamba mapendekezo yote ya mkaguzi yametimizwa. Kwangu ulikuwa mstari mmoja tu. Sheria ya bima ya baharini ya Kenya, Sura ya 390, imefuata ile ya Uingereza ya 1906, na katika sheria ile sharti la namna hii linatimizwa kama lilivyoandikwa, liwe zito au jepesi. Ukilivunja, kampuni haina wajibu nawe tena kuanzia siku hiyo. Hata ukirekebisha baadaye, kabla ya ajali, umeshachelewa. Waingereza wenyewe waliilegeza kanuni hiyo kwa sheria ya 2015, lakini wewe unasaini hati ya Mombasa, si ya London.

Nilitimiza karibu yote: vali za chini ya maji, mpira wa gesi, kizimamoto, pampu. Kilichobaki ni vile vyuma vya ubavuni vinavyoshika waya za mlingoti, pale vinapopenya sitaha. Mkaguzi aliandika vifunguliwe vitazamwe. Kuvifungua maana yake ni kubomoa kabati za ndani, na dalali akanihakikishia kwamba hakuna kampuni inayokataa kulipa kwa ajili ya vipande vya stenlesi. Stenlesi haishiki kutu, akasema. Inashika! Ikikaa kwenye unyevunyevu isipopata hewa, kama pale ndani ya sitaha chini ya gundi iliyochakaa, inaliwa kimyakimya, huku sehemu ya nje inang'aa kama kijiko kipya. Ukiitazama kwa juu huoni kitu.

Kusi lilikuwa limeshika. Chuma cha upande wa upepo kikakatika, mlingoti ukalala majini na tanga lake, ukaanza kugonga ubavu kwa kila wimbi. Tulikata waya na kamba zote tukauacha uzame, maana usipokata unatoboa chombo. Hilo sijutii, tulirudi wazima.

Barua ya kampuni ilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, kuchakaa kwa kawaida, ambako sheria inakuweka nje ya fidia isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Hiyo ningeweza kubishana nayo. Ya pili ilikuwa ule mstari mmoja, na ripoti niliyowapelekea mwenyewe ndiyo iliyokuwa ushahidi wao. Hapo hapakuwa na la kubishana. Mlingoti mpya wa aluminiamu ilibidi niuagize nje, kwa pesa yangu, pamoja na waya na matanga.

Na yule dalali? Kamisheni yake alishaila. Nilipompigia akasema uamuzi ni wa kampuni, yeye ni mtu wa kati. Mtu wa kati aliyekuwa na ulimi mtamu siku ya kuchukua ada, na ambaye hakuandika hata neno moja kati ya yale aliyoniahidi! Watakaokuja hapa kusema "ungesoma mkataba", niliusoma. Nilimwamini mtu aliyelipwa kunieleza maana yake, na hasira yangu iko hapo mpaka leo.

Kwa hiyo fanya hivi na si vingine: kila pendekezo litekelezwe, mkaguzi arudi aone kwa macho yake, aandike, na barua yake ipokelewe na kampuni yenyewe, si dalali, kabla mashua haijang'oa nanga. Na angalia kama ripoti inasema mkaguzi hakupanda juu ya mlingoti. Wakaguzi wengi hawapandi. Basi mlipe fundi apande, na waya zikifika miaka 10 zibadilishe, risiti uiweke.

Kuhusu thamani uliyouliza: dai thamani mliyokubaliana na kampuni na kuandikwa kwenye hati, maana ukilipwa kwa bei ya soko ya siku ya ajali, kwa chombo cha umri huo itakuumiza. Na kama hati imejengwa juu ya Institute Yacht Clauses za 1985, yaani masharti ya kawaida ya bima ya mashua yaliyotungwa London, matanga yanaweza kukatwa hadi theluthi moja kwa uchakavu.

Ukipenda, weka hapa ukurasa wa mapendekezo na ule wa masharti, ufiche jina lako na namba ya hati. Nitausoma usiku huu huu. Ila usilipe kwanza.