Kueleza kitu kiko wapi kwa Kireno: anzia kwenye Kiswahili chako

Mtanzania anayeanza kujifunza Kireno, awe anakwenda Pemba ya Msumbiji kibiashara au amepata kazi Maputo, mara nyingi hushika kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa Kiingereza. Basi anajikuta anapita Kiingereza kwanza ndipo afike kwenye Kireno. Kwa habari ya mahali, njia hiyo ni ya kuzunguka bure. Kiswahili chako kiko karibu zaidi na Kireno kuliko unavyodhani.

Mimi Kireno cha mahali nilikipatia stoo, kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Pemba. Kutwa nzima swali ni moja: onde está? Yako wapi makopo ya rangi, iko wapi nyundo, misumari imewekwa wapi. Ukishindwa kujibu, mteja anaondoka. Nilichokigundua pale ndicho ninachowaambia wote wanaoniuliza.

Tuanze na kitenzi. Sisi hatusemi "kikombe ni mezani". Tunasema kipo mezani, kiko mezani, kimo kabatini. "Ni" tunaiachia kazi ya kueleza kitu ni nini. Mreno naye ametenganisha hivyohivyo: kueleza kitu ni nini anatumia ser (kwenye sentensi inakuwa é), na kueleza kiko wapi anatumia estar (inakuwa está). Isto é um copo, hiki ni kikombe cha kunywea maji. O copo está na mesa, kikombe kipo mezani. Vikiwa vingi, está inakuwa estão: os copos estão na mesa. Msemaji wa Kiingereza huhangaika sana hapa kwa sababu kwao neno ni lilelile moja. Wewe huna sababu ya kuhangaika.

Kwa vitu visivyohama, kama majengo, miji na barabara, utasikia zaidi ficar: a farmácia fica perto do mercado, duka la dawa liko karibu na soko. Ukisema está utaeleweka, ila fica ndiyo inayozoeleka. Shughuli ndiyo yenye utaratibu wa peke yake: mkutano, harusi au mechi hutumia ser. A reunião é na escola, mkutano unafanyika shuleni.

Halafu kuna há, ambayo ni "kuna" yetu kabisa. Há um rato debaixo da cama, kuna panya chini ya kitanda. Há muitos ratos, kuna panya wengi. Haibadiliki kwa umoja wala wingi, kama kuna isivyobadilika. Na tofauti kati ya "kuna ufunguo mezani" na "ufunguo upo mezani" ndiyo hiyohiyo tofauti ya há uma chave na mesa na a chave está na mesa. Ya kwanza inamjulisha mtu jambo jipya, ya pili inajibu kuhusu ufunguo ambao nyote mnaujua.

Sasa maneno yenyewe ya mahali. Tazama yalivyojengwa: juu ya ni em cima de, chini ya ni debaixo de (hiyo x isome kama sh), ndani ya ni dentro de, nje ya ni fora de, nyuma ya ni atrás de, kando ya ni ao lado de. Neno la mahali, kisha kiunganishi, kisha kitu. Mpangilio ni wetu uleule.

Kazi iko kwenye hicho kiunganishi, na hapa nakuomba utulie. "Ya" ya "juu ya" haijali kinachofuata: juu ya meza, juu ya kiti, juu ya mti. De ya Kireno inatazama mbele. Kila jina la Kireno lina jinsia, na hutanguliwa na o likiwa la kiume au a likiwa la kike. De ikikutana na o zinaungana kuwa do, ikikutana na a zinakuwa da. Em cima da mesa, kwa sababu mesa ni ya kike. Debaixo do balcão, chini ya kaunta, kwa sababu balcão ni ya kiume. Em nayo inafanya hivyo: em na o huwa no, em na a huwa na. Wingi ni dos, das, nos, nas.

Mazoea yetu yanavuta upande mwingine. Tunasema kitabu cha mwalimu, nyumba ya mwalimu: kiunganishi kinafuata kilichotangulia. Mreno anasema o livro do professor, a casa do professor. Casa ni ya kike, lakini ni do vilevile, kwa kuwa anayeamua ni professor aliye mbele. Ukilishika hili moja, sehemu kubwa ya ugumu imekwisha.

Jinsia utaijuaje? Majina mengi yanayoishia na -a ni ya kike na ya -o ni ya kiume, ingawa kuna wakaidi kama o mapa na a mão. Yanayoishia na -e hayana dalili: a chave ni ufunguo, o balde ni ndoo. Usijifunze jina peke yake. Lishike pamoja na o au a yake tangu siku ya kwanza.

Stoo, jibu kamili lilikuwa hivi: os pregos estão na caixa, debaixo do balcão, ao lado da porta. Misumari imo kwenye boksi, chini ya kaunta, kando ya mlango. Vunja sentensi hiyo vipande, badilisha vitu, na utakuwa na mazungumzo ya siku nzima. Angalia pia shelfu: na prateleira de cima ni kwenye shelfu ya juu, na prateleira de baixo ni kwenye ya chini. Em cima da prateleira ni juu ya shelfu yenyewe, huko kwenye vumbi. Mtu akikutuma, sikiliza vizuri ni ipi.

Raha nyingine ni hapa, hapo na pale: aqui, aí, ali. Aqui ni nilipo mimi, aí ni ulipo wewe, ali ni mbali na sisi sote, na lá ni kule. Mtu akikuuliza kwenye simu kama mzigo uko aí, anauliza kwako, si kwake.

Ukijitaja mwenyewe, mbele yangu ni à minha frente na kando yangu ni ao meu lado, lakini nyuma yangu ni atrás de mim na karibu nami ni perto de mim. Hizo zikariri tu.

Masomo mengi ya mtandaoni ni ya Wabrazili. Wao utawasikia wakisema embaixo badala ya debaixo, na tem um copo na mesa badala ya há. Wasikilize, wanafundisha vizuri, lakini kama unakwenda Msumbiji zoeza ulimi wako debaixo na há.