Simu imeibwa, na riwaya ilikuwa ndani

Barua mlizoniandikia mwezi huu kuhusu uandishi nimezisoma zote. Nimechagua sita. Majina nimeyaacha, miji nimeibakiza, na waliouliza jambo moja nimewaunganisha.

Shikamoo mwalimu. Nimekuwa nikiandika riwaya kwenye simu kwa mwaka na nusu, usiku watoto wakishalala. Wiki iliyopita nilikaa dirishani kwenye daladala, kibaka akaichomoa simu mkononi. Sura kumi na nne zimekwenda. Nianze upya au niache? (Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla hujaweka matanga, tafuta kompyuta ya mtu unayemwamini, uingie kwa barua pepe uliyokuwa ukiitumia kwenye simu ile. Kama ulikuwa unaandikia Google Docs, huenda sura zako zimetulia tu zinakusubiri. Halafu mtafute yule rafiki uliyemtumia sura ya pili ili akusifie. Kila mwandishi anaye. Mwombe asifute kitu.

Ikishindikana, kaa chini wiki hii hii, si mwezi ujao, uandike aya moja kwa kila sura, kwa kichwa tu. Usijaribu kurudisha sentensi, zimeshakwenda hizo. Rudisha nani alimfanya nini nani, na kwa nini. Daftari langu la kwanza, kauntabuku zima, lililiwa na mchwa nyumbani kijijini nikiwa mjini natafuta kazi. Nililia kama mtoto. Nilipoandika upya, mjomba wa mhusika mkuu, aliyekuwa amejitwalia sura mbili akisimulia historia ya ukoo, hakurudi. Kitabu kikatoka bila yeye, na hadi leo hakuna msomaji aliyemuulizia.

Na kuanzia leo, kila ukimaliza kuandika, jitumie kazi kwa barua pepe kabla hujalala. Bando la kutuma kurasa tano halifiki hata bei ya andazi.

Sura ya kwanza nimeiandika mara kumi na moja. Kila nikiisoma naona bado. Nitajuaje kwamba imekaa sawa? (Morogoro)

Hutajua, kwa sababu hujui riwaya yako inaishia wapi. Hakuna fundi anayepiga rangi sebule wakati bati halijapanda. Nenda sura ya pili leo. Ukikwama, andika kwa herufi kubwa HAPA WANAGOMBANA, uruke uendelee. Mimi nina muswada wenye HAPA WANAGOMBANA saba, na ugomvi mmoja nilipourudia niligundua wahusika hawakuwa na sababu yoyote ya kugombana.

Mchapishaji mmoja ameniandikia kuwa muswada wangu "umekubaliwa", ila nichangie gharama shilingi 3,500,000, nami nitapewa nakala 300. Mwingine nilimpelekea miezi tisa iliyopita, kimya mpaka leo. Nimchague yupi? (Mwanza)

Swali hili wameniuliza wanne mwezi huu, kwa hiyo nitakaa nalo.

Tuanze na hesabu. Gawa 3,500,000 kwa 300: kila nakala imekugharimu kama 11,670. Tuseme unaiuza 15,000, bei ambayo mnunuzi wa riwaya ya mwandishi asiyemjua ataifikiria mara mbili. Ukiipeleka dukani na mwenye duka akachukua asilimia 30, unabaki na 10,500. Maana yake ukiuza zote mia tatu, bila kumpa hata shangazi yako ya bure, umekula hasara ya shilingi 350,000. Na hapo sijaweka nauli ya kuzungusha maboksi.

Lugha yetu ina maneno mawili hapa, na ni vizuri kuyatenganisha: mpiga chapa na mchapishaji. Mpiga chapa unamlipa akupigie kazi, kama fundi cherehani. Mchapishaji anaweka fedha zake kwa sababu ameamini kitabu kitauzika, ndipo naye apate. Anayetaka milioni tatu na nusu kwako ameshapata faida yake kabla msomaji wa kwanza hajafungua jalada, kwa hiyo hana haraka ya kukitangaza. Si wizi, ni biashara halali ya kupiga chapa. Ila basi mchapishaji ni wewe, na ukiwa wewe, uwe na haki za mchapishaji. Muulize: hakimiliki inabaki kwa nani? ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, inaandikishwa kwa jina la nani? (Hapa Tanzania zinatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, unaweza kwenda mwenyewe.) Zinachapwa 300 tu, au kuna nyingine atakazouza yeye, na mrabaha wako, yaani mgawo wako wa mauzo, kwa hizo ni asilimia ngapi, ya bei ya jalada au ya kile kinachomfikia yeye? Hayo yote yaandikwe. Akianza kusema "sisi ni familia", rudi nyumbani.

Kisha chukua bei kutoka kwa wapiga chapa watatu uone tofauti. Fedha itakayookolewa mlipe mhariri, maana najua huyo wa milioni tatu na nusu hatakuhariri.

Nami niliwahi kulipa, sitaji nani. Maboksi sita yalikaa chini ya kitanda miaka mingi. Mke wangu akawa anayapandia kubadilishia balbu.

Kuhusu aliyekaa kimya: miezi tisa inauma lakini si ajabu. Wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ambayo haijateuliwa kusomwa darasani huuzika polepole, kwa hiyo muswada wako unangoja nyuma ya vitabu vya hesabu. Mwandikie barua fupi ya heshima ukitaja jina la muswada na tarehe uliyoupeleka. Akikaa kimya mwezi mwingine, mjulishe kuwa unaupeleka kwingine, na uupeleke kweli.

Kaka, nauza riwaya yangu kwenye kundi la WhatsApp, sehemu moja kwa buku, yaani shilingi elfu. Watu wananiibia, wanakopi wanarusha makundi mengine. Na je, nikimaliza naweza kuipeleka kwenye tuzo? (Arusha)

Huwezi kuwazuia watu kukopi. Weka jina lako na namba yako katikati ya maandishi, si mwishoni ambako ni rahisi kukata, ili wizi ukuletee hata wateja wawili.

Kuhusu tuzo, soma masharti neno kwa neno kabla ya kuweka sehemu ya kwanza kundini. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, ile iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, zinaupa nafasi muswada wa mtu asiyejulikana. Lakini kila shindano lina maana yake ya "haijachapishwa", na kazi iliyosambaa mtandaoni inaweza kukutoa mapema. Ningekuwa wewe ningekuwa na hadithi mbili: ya kundi na ya tuzo.

Kuna jambo jingine hukuniuliza. Umenitumia sehemu kumi, na zote kumi zinaishia mtu anagongewa mlango. Kwa wateja wa buku inafaa, wanataka kesho wanunue tena. Zikikaa pamoja ndani ya jalada moja, msomaji atatamani nyumba hiyo ingekuwa haina mlango. Utakapozikusanya, ondoa hodi nane.

Mama mkwe wangu amesoma sura mbili, sasa anasema yule mchawi wa kwenye riwaya ni yeye. Si yeye. Labda kidogo. Mume wangu hasemi kitu. (Tanga)

Bi mdogo, kubadilisha jina peke yake hakufichi mtu. Anayejisoma hajitambui kwa jina, anajitambua kwa jinsi anavyovaa mtandio, kwa neno lake la kila siku, kwa namna anavyokataa chakula kisha akala. Hivyo ndivyo vya kubadilisha. Mfanye mchawi awe mwanamume, mpe uenyekiti wa mtaa na baiskeli. Utaona anaanza kufanya mambo ambayo mama mkwe hajawahi kuyafanya, na hapo atakuwa mhusika wako kweli.

Kisha nenda kwake na doti ya khanga, umsalimie, msaidie kupepeta mchele. Usieleze chochote kuhusu sanaa.

Nina miaka 52, ni karani wa ardhi katika halmashauri. Sijawahi kuandika zaidi ya barua za ofisi. Nimechelewa? (Kigoma)

Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa 1918, alikuwa anakaribia arobaini hadithi yake ya upelelezi iliposhinda shindano la East African Literature Bureau la 1957-58. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987, na Nobeli akaipata 2021. Kwa hiyo 52 ni nyingi kidogo, sitakudanganya, lakini wewe unastaafu karibuni na wao walikuwa bado wanaomba ruhusa kazini.

Na unayo mali ambayo kijana wa miaka 25 hana. Kila siku mezani kwako wanapita ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja wakigombea hatua tatu za mpaka, mjane mwenye karatasi ya mauziano ya 1983 iliyolowa, mzee anayeapa kwamba mwembe ule aliupanda yeye. Andika hao, kwa lugha uliyoisikia wakiitumia mbele yako. Ila badilisha namba za viwanja.